Chane Kumi na Tatu

Mkeka ulifika siku ya tatu ya fungate yangu, juu ya lori la magunia ya ufuta lililotoka Kivinje. Ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya makumbi. Dereva aliusimamisha mlangoni akasema, "Dada yako anakusalimu. Anasema kanga zimekosekana Kivinje yote, basi upokee hiki."

Ilikuwa kweli. Miaka ile ya vita vya pili nguo hazikuonekana madukani. Wapo walioolewa na kanga za kuazima. Dada yangu hakutaka kuniletea cha kuazima. Mwaka mzima alikuwa akisuka.

Nieleze kidogo huyu dada alikuwa nani kwangu. Mama yetu alikufa nikiwa sijaota meno ya mbele, akanichukua yeye. Alikuwa ameachwa na mumewe kwa kukosa mtoto, akarudi nyumba ya wazee wetu Kivinje, akakuta mimi nalia mlangoni. Alinilea kwa mikeka. Alikwenda kukata ukindu mwenyewe, akauanika, akauchana kwa ukucha wa kidole gumba aliouacha urefuke kwa kazi hiyo, akachemsha rangi katika sufuria lililotoboka sikio. Ukili wake, ule utepe unaosukwa kabla ya kushonwa mkeka, ulikuwa wa chane kumi na tatu siku zote. Wengine walisuka kwa chane kumi na moja, wengine tisa, wamalize upesi wakauze. Yeye alisema mkeka wa chane chache ni kama uji wa mgonjwa, unapita tu.

Alinifundisha na mimi. Sikuwa na mkono. Nilihesabu mpaka sita nikapotelea hapo, na yeye akicheka, "Basi wewe utaolewa na karani, akuhesabie."

Na kweli nikaolewa na karani, mpimaji wa mizigo pale bandarini Lindi, nikaletwa katika nyumba ya wakwe zangu mtaa wa Mtanda. Nyumba ya watu waliojiona. Si wabaya, ila waliojiona. Majina yao wote ninayo, na majina ya kila mwanamke nitakayemtaja hapa, na ya mama zao. Sitayaandika. Wengi wameacha wajukuu, na mwenye kosa katika habari hii ni mimi.

Siku ile ya fungate, wanawake walikuwa wamejaa chumbani kutazama zawadi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyekata kamba. Mkeka ukafunguka sakafuni, mpana, mzito, unanukia ukindu mbichi. Rangi zake nyekundu na nyeusi. Mstari mwekundu ulikuwa upite katikati kwa ngazi ngazi, moja kwa moja, kama dada alivyousuka maisha yake yote. Ulikwenda vizuri kiasi cha pima moja. Halafu ukakatika. Ukawa mweusi, ukahamia pembeni, ukarudi mwekundu, ukapotea tena. Hata mwisho wa mkeka haukupata njia yake.

Wanawake wakasogea kutazama. Wifi akainamisha kichwa upande mmoja.

"Ala! Huu mstari, jamani, umekunywa tembo?"

Wakacheka.

"Si hivyo," akasema mwingine, "ulikuwa unakwenda Mtama, ukasahau kitu nyumbani."

"Wifi, niambie kweli. Dada yako alikuwa anasuka huku anasinzia, au wewe hukumuaga vizuri?"

Mimi mwali wa siku tatu, nimefunikwa ushungi, hina haijakauka miguuni. Ningeweza kusema: dada yangu hajawahi kukosea mkeka. Ningeweza kunyamaza tu, mwali kunyamaza ni heshima. Nilicheka. Nilicheka pamoja nao, na nikasema, ninakumbuka neno kwa neno, "Huyo dada yangu naye, siku hizi mvivu." Wakafurahi kuona bibi harusi ana mzaha.

Mkeka ukaviringishwa, nikausukuma uvunguni.

Sasa lazima niseme desturi ya Lindi yetu ile, maana bila hiyo hamtanielewa. Vitu vilitembea. Mtu akikupa vikombe na wewe unavyo, unaviweka, akitokea mzazi au mwali unavitoa, na yule naye akiwa navyo anavipeleka mbele. Hapakuwa na lawama. Kulikuwa na birika moja la bati lenye ua la buluu, shingo imebonyea, nililiona katika harusi nne. Bibi aliyelinunua mwanzo kabisa alirudishiwa lile lile siku alipomwoza bintiye. Alilinyanyua juu mbele ya watu akaliambia, "Karibu nyumbani, mwanangu, umekonda!" Siku hiyo tulicheka tukashika mbavu.

Lakini vilivyotembea vilikuwa vitu vya dukani. Kitu alichokifanya ndugu yako kwa mkono wake hukukitoa. Ulikaa nacho mpaka kichakae, na hata kikichakaa ulikitandika jikoni. Hilo nililijua kama nilivyojua kuswali. Kwa hiyo jirani yetu wa ukuta mmoja alipojifungua, na mimi sina cha kumpelekea mzazi, niliuvuta mkeka uvunguni, nikaupangusa vumbi, nikamwambia, "Shoga, hongera. Nimeununua sokoni, upokee."

Nimeununua sokoni. Kwa maneno hayo mawili mkeka wa dada yangu ukawa kama lile birika.

Sikuuwaza tena. Nisiseme uongo, niliona nafasi imeongezeka uvunguni, nikaweka sanduku.

Mwaka wa pili nikashika mimba. Nilikuwa wa miezi saba ilipokuja barua kutoka Kivinje, imeandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani kwa niaba ya dada. Mume wangu akanisomea. Baada ya salamu nyingi dada alisema: nakuja kukukanda, nitakaa nawe arobaini nzima, usiwasumbue wakwe kunitafutia kitanda, mkeka wangu upo, nitalala juu yake.

Mume wangu alikunja barua akasema, "Dada yako mwema sana." Hakujua lolote. Wanaume hawahesabu mikeka.

Nilikwenda kwa jirani siku ile ile, na tumbo langu mbele.

"Ule mkeka niliokupa, shoga."

"Ule wa mstari?" Akaona aibu kidogo. "Nilimpelekea mke wa fundi cherehani walipofiwa. Hujakasirika? Nilikuwa na mikeka sita."

Mke wa fundi cherehani alinikaribisha maji, akafikiri, akasema alikuwa ameupeleka Mitwero, kwa mwanamke mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akimletea mbaazi, aliyeunguliwa na nyumba. "Hakuwa na hata pa kukaa, masikini. Kwani una nini wewe? Umepoteza pete ndani yake?"

"Nimeupenda tu," nikasema.

Mitwero nilikwenda kwa miguu, nikipumzika kila penye kivuli. Niliiuliza nyumba nikaonyeshwa. Ilikuwa mpya, udongo wa ukutani haujakauka sawasawa. Mwanamke mwenyewe alikuwa rika langu, ana chale za kwao usoni, anapepeta mbaazi uani. Aliniona tumbo, akaacha ungo, akaingia ndani mbio kuniletea pa kukaa. Akatoka na mkeka wa dada yangu.

Nilikaa juu yake. Sikuwa nimewahi kuukalia.

"Mzuri mkeka huu," nikasema.

"Huu? Huu ndio nyumba yangu, dada. Tulipoungua sikutoka na kitu. Nikaletewa huu. Tukalala wanne." Akapitisha kidole juu ya mstari mwekundu pale unapokatika. "Na hapa ndipo ninapopapenda. Kila nikiamka natazama hapa. Namwambia mume wangu, huyu aliyesuka alipatwa na jambo, lakini hakuacha. Alisuka mpaka mwisho."

Nikamwambia nitampa mikeka miwili mipya badala yake. Akacheka akidhani nina hamu za mimba. Nikamwambia miwili na kibuyu cha mafuta ya nazi. Akaacha kucheka.

"Kwa nini, dada? Nipe sababu, nitakupa."

Sababu ilikuwa moja, na ilikuwa hapo kwenye ulimi. Ni mkeka wa dada yangu, alinisukia harusi yangu. Lakini kusema hivyo ni kusema pia: nikaugawa. Nikaona jinsi atakavyoninyanyulia macho. Mwanamke wa mbaazi, aliyeunguliwa na nyumba, anihurumie mimi mke wa karani kwa uovu wangu.

"Nimeupenda tu," nikasema tena.

"Na mimi nimeupenda," akasema taratibu.

Alinifungia mbaazi kwenye jani, akanisindikiza mpaka barabarani. Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua mkeka mwekundu na mweusi, upana ule ule, mstari umenyooka kama rula. Nikaukanyaga kanyaga siku kadhaa ili usionekane mpya.

Dada alifika mtoto akiwa na siku nne. Nilisikia lori, nikasikia sauti yake nje ikitoa salamu, nikajikaza kuinuka kitandani. Alikuwa ameshikwa mkono na mama mmoja abiria mwenzake. Nikadhani amechoka na safari. Alipofika mlangoni mguu wake ukakipapasa kizingiti kwanza, halafu ukakivuka.

"Mwanangu uko wapi? Sema neno nikufuate."

Mimi nimesimama mbele yake, hatua mbili.

"Dada. Macho?"

"Aa, macho. Yamekwenda zake." Akatabasamu kunielekea, kidogo upande wa bega langu. "Naona mwanga na kivuli. Usilie, mzazi halii, maziwa yatakauka."

"Tangu lini?"

"Yalianza nikiwa nasuka mkeka wako. Ukungu, ukungu. Nikadhani ni moshi wa rangi. Mwanzoni si nilikuwa nakuuliza, hii nyekundu au nyeusi? Ulikuwa unaniambia. Ulipowekwa ndani mwali kwa somo wako, miezi ile ya mwisho, nikawa nauliza watoto wa jirani, na watoto nao wana michezo yao."

Nilikumbuka. Alikuwa akininyooshea chane na kuuliza, hii ipi? Na mimi nikijibu huku natazama pengine, nikiona ananidekea.

Nilimketisha juu ya mkeka wa sokoni. Hakuuliza. Aliweka kiganja chake chini, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni, na ule ukucha wake mrefu ukaanza kwenda. Ulikwenda kwenye taraza ya ukingoni, ukashuka kwenye mshono, ukaingia kwenye ukili. Ukasimama. Ukarudi mwanzo, ukaenda tena polepole, nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Nilimkumbatia mtoto kifuani.

Dada akainua uso.

"Umeutunza," akasema. "Kama umeletwa jana."

Nikamshukuru Mungu. Ndiyo, nilimshukuru, nikiona ameniokoa.

Siku zile arobaini sijapata kutunzwa vile tena. Alichemsha maji kwa kusikiliza mvumo wake tu. Alinikanda kiuno kwa vitambaa vya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, mtoto akamwogesha kwa mikono iliyoona kuliko macho yangu. Akimaliza kazi alikaa juu ya ule mkeka na kusuka ukindu aliokuja nao katika mfuko wake. Wakwe zangu walimpenda. Mama mkwe alikuja kila siku kukaa naye.

Siku ya thelathini na nane wifi yangu aliingia, akampa shikamoo, dada akaitikia marahaba. Wifi akakaa, akatazama chini, akasema kwa nia njema kabisa, mzaha wake wa kila siku:

"Ala, wifi, mkeka gani huu? Ule wenu mliouleta harusini uko wapi? Ule wa mstari mlevi?"

Nilimtazama dada. Vidole vyake vilisimama kwenye ukindu.

"Mstari mlevi?" akauliza.

"Eee, dada! Hujui tulivyocheka. Mwekundu unakwenda, mara mweusi, mara umepotea. Tukamwuliza bibi harusi hapa, dada yako alikuwa anasinzia? Akatuambia mwenyewe, dada yangu siku hizi mvivu." Wifi akacheka, akanipiga kofi la goti.

Dada aliuweka ukindu mapajani. Kisha akacheka pia, kicheko kile kile alichonicheka nilipopotea kwenye sita.

"Ndio huu nimeukalia, mama. Ule mstari umechoka kutembea, umejinyoosha ukalala."

Wifi akatazama mkeka, akatazama dada, akaona hapana haja ya kubishana na kipofu. Akaondoka.

Tukabaki wawili na mtoto. Nilijua anajua. Nilijua sasa kwamba hakuwa amejua ni kiasi gani rangi zilimpotea. Alikuja Lindi akidhani alinipa mkeka mzuri, akakuta haupo, akanifichia. Na leo ameambiwa kwa nini haupo, akanifichia tena, mbele ya wakwe zangu. Maneno yalinijaa kinywani: dada, nisamehe. Mtoto akalia. Nikamnyonyesha. Dada akainuka kwenda kuchochea moto. Nikasema kesho.

Kesho hapakukosa wageni. Keshokutwa ilikuwa arobaini yenyewe, nyumba imejaa. Asubuhi iliyofuata lori likapiga honi.

Mlangoni alinipa kitu kidogo kilichoviringishwa. Mkeka wa kulalia mtoto, mweupe mtupu, rangi ya ukindu tu.

"Huu wa mtoto," akasema. "Sikuutia rangi. Mtu akitaka kukucheka hatapata pa kushika."

Alinishika uso kwa mikono miwili akanipapasa, paji, pua, kidevu, kama anayejifunza. Ningesema wakati ule. Dereva alikuwa anaita. Nilisema, "Safari njema, dada, nitakuja Kivinje mtoto akipata nguvu."

Masika ya mwaka ule njia ilikatika. Ilipofunguka, lori la kwanza lilileta habari kwamba dada alikuwa amezikwa siku kumi na tisa zilizopita. Homa. Hakuuguzwa na mtu wake.

Baada ya matanga nilikwenda Mitwero, mtoto mgongoni. Yule mwanamke alikuwa uani vile vile. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama: ule mkeka alinisukia dada yangu, harusi yangu, macho yakiwa yanamfia, na mimi nikaona aibu nikaugawa, nikasema nimeununua sokoni. Amekufa.

Hakuninyanyulia macho kama nilivyoogopa. Aliingia ndani. Nikasikia anasogeza vitu. Akatoka na mkeka umeviringishwa, akaufunga kwa ukanda wa kanga yake mwenyewe, akaniwekea kichwani.

"Siku ile ungeniambia," akasema, "ningekubebea mpaka kwako. Ungerudije na tumbo lile na mzigo."

Hakutaka mikeka miwili. Hakutaka mafuta. Nilipompelekea baadaye aliyarudisha.

Nyumbani nilifunga mlango. Nikatandika mikeka yote miwili, nikahesabu, mimi nisiyeweza kuhesabu. Ule wa sokoni, chane kumi na moja. Nilirudia, kumi na moja. Kwa hiyo alijua tangu saa ya kwanza, kabla hajanywa hata maji. Ule wake, kumi na tatu, kila mahali nilipojaribu, kumi na tatu.

Kisha nikafumba macho nikapitisha kidole pale katikati, mstari unapopotea. Nilikitafuta kile kituko tulichokicheka. Nikaenda na kurudi. Chini ya kidole ukili ulikuwa sawasawa, umekaza, chane juu chane chini, mpaka taraza. Hapakuwa na kosa lolote. Nilikaa hivyo, macho nimeyafumba, mpaka mtoto alipoamka juu ya kimkeka chake cheupe na kuanza kuniita.